Mlima Uliomjenga Mwalimu Ukambomoa

Taarifa ya msiba ilinikuta sokoni Morogoro, nikichagua ndizi: mwalimu wetu wa jiografia amefariki huko Kinole baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Wengi wenu hamkumjua. Alitoka Kanda ya Ziwa kuja kufundisha sekondari, akaoa Mluguru, hakuondoka tena. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa matetemeko. Alituambia kwamba ardhi ilipasuka, upande mmoja ukainuka kidogo kidogo, tetemeko baada ya tetemeko, hata tukapata milima ya Uluguru. “Lakini mtikisiko huohuo hulegeza miamba na udongo,” alisema, “mvua ikaja kuteremsha kilichoinuliwa.” Tulinakili, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Miaka mingi baadaye ardhi ilitikisika alfajiri, vyombo vikagongana kabatini, kisha kimya. Masika yakafuata. Mchana mmoja mteremko uliporomokea shamba la mdalasini la mwalimu, mkewe akiwa ndani akibandua magome. Nilikwenda kuzika. Shangazi wa mke huyo alimshika mwalimu mkono. “Baba, wewe ndiye msomi wa mlima. Mlima huu unatujenga au unatubomoa?”

“Vyote viwili, shangazi.”

“Na mwanangu nimweke upande gani?”

Mwalimu aliuachia mkono wake, akachukua jembe na kuendelea kufukia kaburi.

Baada ya arobaini alianza kupita nyumba zote za chini ya mteremko ule, akiwasihi watu wahame. Wengine walisema huzuni imemchanganya. Wengine walimsikia, naye akawagawia kiwanja chake cha tambarare karibu na barabara. Mzee mmoja na mkewe walikataa katakata: “Makaburi ya wazazi wetu tumwachie nani?” Masika mengine yalipofika, udongo ulishuka tena. Nyumba zilizohamwa zilifukiwa tupu. Ya wazee wale haikuwa tupu.

Nilipokwenda kumpa pole nilimwambia kwamba ameokoa wengi. Hakuniangalia. “Wazee wale niliwasihi mara moja,” alisema, “nikaona haya kurudi.” Tangu siku hiyo sikumwona akicheka, na nadhani kifua kilimkuta ameshachoka kuishi.

Watu husema mlima umekasirika, lakini hasira za milima hazipo. Ni sisi tunaozitafuta ili tupate wa kumlaumu. Ardhi inainuka na kumeguka kwa mwendo wake, na ina miaka ya kuanza upya. Mwenye nyumba chini ya mteremko hana. Kwa hiyo anayejua asione haya kubisha hodi tena, hata kama jana alifungiwa mlango.