Mikebe Midogo

Mhudumu wa mochari anayepanga chumba mkabala na cha Murugi, hapa King'ong'o, hasalimii mtu akitoka kazini. Kwanza huvua koti, akachuchumaa kibarazani penye mikebe yake ya maua, akaanza kupangusa majani kwa kitambaa chenye maji, jani baada ya jani, akiyashika kwa chini kwa kiganja kama mtu anayeinua kichwa cha mgonjwa ili anywe. Mikono yake hunuka dawa ya maiti hata ainawe vipi, na watu wa ploti hukwepa kuishika. Murugi humtazama dirishani huku akichambua maharagwe ya njahi. Huyaona mabega yake yaliyokaza yakishuka polepole, mpaka sauti imrudie: "Umeshindaje, mama?"

Kuna asubuhi baadhi ya mikebe hutoweka. Murugi alidhani anaiuza sokoni, mpaka siku aliyomuuliza. "Kuna wale hawajachukuliwa na watu wao, serikali inawazika," alimwambia. "Hawako na mtu wa kuitwa mbele apande maua kaburini. Sasa mimi ndio huwapandia."

Leo asubuhi ametoka na karai. Ameiacha mikebe mikubwa yote, yenye maua aliyoyalea mwaka mzima, akaokota midogo tu, yenye miche iliyochipua juzi. Murugi akamtania kutoka dirishani: "Aii, leo umekuwa mchoyo! Hiyo mikubwa unamwekea nani?"

Akasimama. Akapangusa jani moja dogo kwa kidole gumba.

"Leo ni watoto, mama."