Madirisha Katika Kitabu cha Mwalimu Tluway

Kitu cha kwanza ambacho watu walikiona kwa Mwalimu Tluway ni vidole vyake. Vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha kwa wino wa mashine ya kudurufu, na kila alipopewa mkono aliomba radhi kabla hajautoa wake.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Karatu, akapangiwa kufundisha shule ya msingi ya Olbalbal mwaka 1976. Ujana wake wote alikuwa amesikiliza redioni habari za watu waliotembea mwezini, naye akaanza kuwaandikia wanafunzi wake hadithi za chombo cha anga kinachozunguka kutoka nyota hadi nyota. Mswada wa kwanza aliutuma kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Ulirudi baada ya miezi minane, pamoja na barua ya heshima iliyomshauri aandike juu ya ufugaji bora wa kuku. Hakuandika juu ya kuku. Alikata stensili mwenyewe, akachapa nyuma ya mitihani ya zamani, na karatasi zilipoadimika kabisa, Omary mwenye duka Karatu akamwekea zile za kufungia sukari. Vitabu alivishona kwa uzi wa magunia.

Msikilizaji wake mkali kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la tano, Namelok, binti wa Mzee Moloimet. Wenzake waliuliza habari za bunduki na majoka ya angani. Yeye aliuliza maji ya ng'ombe huko yako wapi.

"Huko ng'ombe anaelea," Kisioki alimdhihaki kutoka dawati la nyuma. "Utamkamuaje?"

"Nitamfunga kamba," Namelok akajibu bila kugeuka. "Wewe hata huyu anayesimama chini anakushinda."

Darasa lilicheka, lakini Mwalimu Tluway aliondoka na swali lile. Tangu siku hiyo, kila chombo chake kilipotua mahali, kazi ya kwanza ya mabaharia wa anga ilikuwa kutafuta maji.

Machi 1982 ugonjwa wa surua ulipita Olbalbal. Namelok alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa.

Mwalimu alikaa wiki kadhaa bila kugusa mashine. Kisha akaandika kitabu cha nne kwa siku kumi na mbili. Nahodha wake alikuwa msichana wa Kimaasai anayeongoza chombo kuvuka nchi kavu ya nyota nyekundu mpaka anapata chemchemi, na jina lake lilikuwa Namelok. Alijua kwamba watu wa pale hawalitaji jina la mtu aliyefariki. Lakini kwao Karatu majina ya marehemu yaliandikwa msalabani na kusomwa kanisani, naye akaona kwamba kuandika si kutaja. Alichapa nakala arobaini, akazigawa Ijumaa.

Hakufikiri kwamba watoto wangezisoma kwa sauti njiani na nyumbani, kama alivyowafundisha mwenyewe.

Jumatatu nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mzee Moloimet alikuwa amesimama nje ya darasa, mikono yote miwili juu ya fimbo yake.

"Mwalimu," alisema, "sikuja kugombana. Jina lile tulilizika. Sasa watoto wanapita wakilisoma, na mama yake kila akilisikia anageuka kuangalia nani anakuja."

Mwalimu Tluway alizunguka boma kwa boma siku mbili akikusanya vitabu. Wako waliomwambia avichome, yaishe. Lakini ndani ya kurasa zile lilikuwamo swali la yule mtoto, na alihofu kwamba akivichoma atakuwa amemfukia mara ya pili. Akachukua wembe. Jina lilitokea mara kumi na moja katika kila nakala, akalikata kila mahali, kikabaki kidirisha cha mraba. Alipomaliza alizifunga nakala zote kwa kamba, akaenda nazo kwa Nosim, mama wa marehemu.

Nosim alipitisha kidole kwenye vidirisha vile kwa muda mrefu. Hakujua kusoma.

"Huyo msichana wa kwenye kitabu," aliuliza, "anafika?"

"Anafika, mama."

"Maji anayapata?"

"Anayapata."

"Basi si wangu," Nosim alisema polepole. "Wangu hakufika. Huyo ni mwingine, na hana jina."

Mwalimu akamwomba radhi, kisha akamwomba yeye mwenyewe ampe jina. Nosim alikataa kumpa jina mtu asiyemjua. Alisema amsikie kwanza. Lakini kiangazi kilikuwa kimeshika na mifugo ilikuwa ikipandishwa milimani. Mvua zikiwarudisha atakuja shuleni, asomewe kitabu chote, naye atakuja na kibuyu cha maziwa kama inavyopasa anapopewa mtu jina. Kama hadithi haitamwingia moyoni, vitabu vichomwe.

Mwalimu alikubali. Miezi mitano vitabu vimekaa kabatini, na tangu hapo hajakata stensili nyingine. Watoto wanaruhusiwa kusoma darasani tu. Wakifika kwenye kidirisha hunyamaza pumzi moja, kisha huendelea, hakuna aliyewaagiza.

Wiki hii mvua za Novemba zimenyesha Olbalbal. Jana mbuzi wa Mzee Moloimet walionekana wakishuka mteremko, na punda nyuma yao, na Nosim ametuma salamu kwamba atakuja Alhamisi. Watoto wamefagia darasa mara mbili. Kisioki, aliyeomba asome yeye, anajizoeza nyuma ya choo cha shule ili sauti isimkwame. Mwalimu Tluway amekivuta kiti chake mwenyewe hadi karibu na mlango, mahali penye mwanga, apate kukaa mama.