Maana Kumi na Moja za "Get"

Naona haya kusema, lakini ni kweli. Tulikuwa tumemzika baba kule Kamukuywa, nami nilikuwa nimenyolewa kichwa kama ilivyo desturi yetu, nilipoitwa Kitale kujaribiwa ukarani katika shamba la mzungu. Kiingereza changu kilikuwa haba.

"Wao huuliza neno 'get' tu," binamu yangu akaniambia. "Taja maana zake zote, kazi ni yako."

Nilizikariri njia nzima, kama alivyonifundisha.

Mzungu alikitazama kichwa changu, akauliza kitu polepole. Nikasimama wima, nikazimwaga maana zote kumi na moja bila kupumua.

Nyapara wa shamba, aliyesimama kando yangu, akaniinamia sikioni.

"Ndugu, bwana anakuuliza umefiwa na nani."