Kabla ya Kuunga Bomba

Mwanangu, umeninunia kwa kuwa nimekuzuia kumwita fundi wa bomba kesho. Nuna, lakini kaa hapa. Iko siku moja haijanitoka moyoni.

Ilikuwa hapa hapa Newala, nami kijana mwenye haraka zangu. Mama yangu alikuwa ametoka hospitali ya Ndanda, miguu haina nguvu tena. Tangu usichana alibeba maji ya bondeni kwa utosi wake, akipanda mteremko huku sisi tumelala. Sasa bomba lilikuwa limefika mtaani, na nilikuwa na hamu moja tu: mama afungue koki uani kwake, anywe.

Fundi akashauri tuliunge bomba la mtaa na pampu ya kisima chetu cha maji ya mvua yatokayo paani, ili moja likikauka, jingine lishike zamu. Nikamwona ana akili kweli. Vichwa viwili vile, sijui akili ilikuwa kwa nani!

Mama akaniita kutoka mkekani. "Watu wa maji umewaambia?"

"Mama, nyumba si yetu?"

"Nyumba yetu, maji ya wote. Kule bondeni, anayetaka kuzibua chemchemi hupiga kelele kwanza, wa chini watoe ndoo zao wasiteke tope. Wewe umempigia nani kelele? Nenda ofisini, baba."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu nililipenda. Nikaenda. Wakasema mkaguzi atakuja, tukangoja. Kila asubuhi mama aliuliza, "Hawajafika?" Nami nilitamani kumwambia fundi aunge tu, liwalo na liwe.

Mkaguzi alipofika alitikisa kichwa. Alisema siku maji ya mtaa yakipungua nguvu, pampu yetu ingesukuma maji ya kisima, pamoja na uchafu wa paa, mpaka kwa jirani yetu Mama Hadija, na Hadija wakati huo angali kichanga. Akaamuru mabomba yatenganishwe, kila moja na koki yake. Fundi, aliyekuwa ameshalaza mabomba tayari kuyaunga, akaanza upya.

Mama hakuyawahi maji hayo. Alifariki alfajiri ya siku maji yalipofunguliwa. Mama Hadija ndiye aliyekinga ndoo ya kwanza, na wanawake wakamwosha mama kwa maji yale.

Nilimlilia, na bado namlilia. Sheria ni msumeno, na siku ile ulinikata mimi. Lakini Hadija yupo, mtu mzima, na kila nikipita huniamkia shikamoo. Nikiitikia marahaba, namkumbuka mama.

Basi mwanangu, waambie watu wa maji kabla fundi hajashika spana. Mtaro wa bomba usiufukie kabla hawajauona. Maji ya kisima na ya bomba usiyachanganye, hata fundi akikuapia. Na hiyo koki ya uani, iweke chini, mama yako, naye miguu imemchoka, aifikie akiwa ameketi.

Mola akujalie maji safi, na akubakizie wa kuyanywa nao.