Koti la Mzee Anatoli

Kalista, yaani Mama Josiane, ana miaka ishirini sokoni Nyakanazi, akiuza vitambaa na kushona. Madereva wa malori wanamjua: ukitaja bei ya mzaha, anakunja kitambaa chake bila neno. Ndiyo maana kwaya ya Nyamahanga ilimkabidhi kazi ya sare. Kwenye kitambaa hadanganyiki.

Mwaka huu mwalimu Sostenes, kijana anayeongoza kwaya, aliamuru wanaume wote wavae suti za samawati kwenye tamasha la Biharamulo. Kalista alikosea jambo moja. Alimpima mzee Anatoli mikono ikiwa chini, kama mwimbaji, na Anatoli ni mpiga ngoma wa Ngara. Huko fimbo hupanda juu ya kichwa ndipo ishuke.

Siku ya mazoezi ya mwisho, mzee alisimama kando ya ngoma bila kupiga.

"Shikamoo mzee. Koti linabana wapi?" aliuliza Kalista.

"Marahaba. Uliza lisipobana. Nikiinua mikono, koti lote linakuja kunisalimia shingoni."

"Asiye na sare atakaa na wasikilizaji," alisema Sostenes. "Waamuzi wanaangalia mstari."

Anatoli akaanza kufungua vifungo, taratibu. "Basi nitakuja kuwasikiliza."

Ngoma hiyo ilipigwa harusini kwa Kalista, na kwenye ubatizo wa wanawe wote wanne. Hakuyataja hayo. Alilichukua koti, akampa Sostenes.

"Mwalimu, mabega yenu ni sawa. Livae, funga vifungo vyote, utuongoze wimbo wa sadaka."

Sostenes akavaa, akainua mikono. Koti likapanda hadi masikioni, shati likachomoka kwenye suruali.

"Mwalimu amekuwa kobe," alisema Priscila wa sauti ya kwanza. "Kichwa kimeingia ndani."

"Mama Josiane, umefanya makusudi."

"Kupima nilikosea. Hili ni makusudi. Sasa tuelewane. Waimbaji wavae makoti, hapo nakuachia. Anayeinua mikono nitamkatia mikono ya koti, liwe kizibao juu ya shati jeupe. Kitambaa ni kilekile, mstari wako haujaharibika."

"Kwa mzee peke yake?"

"Mnaoinua mikono ni wawili. Usiwe na haraka ya kukataa."

Sostenes alipolivua, uzi ulikatika kwapani. Akampa Kalista koti hilo, na lake pia.

Jumapili, Biharamulo, vizibao viwili vilitangulia mbele ya kwaya. Kalista, kwenye safu ya sauti ya pili, hakuangalia waamuzi. Aliangalia mshono wa kwapa la Anatoli. Fimbo zikapanda mara ya kwanza, ya pili, ya nne, na kizibao hakikusogea. Hapo ndipo akafungua kinywa kuimba. Wenzake walikuwa wamefika ubeti wa pili, na Sostenes alimkodolea macho.