Maua ya njano yaliyonikutanisha na mama mkwe wangu Mahongole, enzi za Mwingereza

Kamwene wakuu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, simu nimenunuliwa na wajukuu. Haya yalinitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nafua nguo kwa mama mmoja wa Kizungu pale Njombe. Bustanini kwake kulikuwa na maua ya njano, petali zinaning'inia kama sketi, katikati kichwa cha kahawia kimechongoka. Jina lake la Kizungu lilinishinda mpaka leo.

Nilipoolewa Mahongole, huku Makambako, yule mama wa Kizungu akanipa mbegu kwenye bahasha.

"Panda mara moja tu," akasema. "Yatarudi kila mwaka."

Mama mkwe akanigawia kipande mbele ya nyumba, akijua nitapanda mboga. Nikapanda maua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mnisamehe.

Mwaka wa kwanza majani matupu. Ua hata moja hakuna.

Mama mkwe akipita anauliza kwa ule upole unaochoma, "Mwanangu, haya tutayala lini?"

Kikaja kipupwe. Mnaotoka huku mnaijua baridi yetu. Umande uliganda, majani yote yakakauka. Nililia jikoni.

Mama mkwe akasema mvua zikianza anaweka viazi pale.

Mvua zikaanza. Siku moja natoka kuteka maji, namkuta na jembe, ameinama palepale. Nikajua kwisha habari.

"Njoo," akaniita. "Hivi vimetoka wapi?"

Chini ya yale makavu, machipukizi ya kijani tele! Kumbe mizizi ilikuwa hai muda wote. Akaweka jembe pembeni, akaanza kung'oa magugu kwa vidole.

Yalipochanua nilikuwa kama nimerogwa. Natoka kuyatazama, naingia ndani, natoka tena. Ugali uliungua mara mbili. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nikamsikia mama mkwe akiwasimamisha njiani. "Piteni muone maua yangu."

Yake, wakuu. Nilijificha nyuma ya mlango nikacheka mpaka machozi. Tangu hapo tukawa tunapalilia pamoja, na ndipo tulipoanza kuongea kama mtu na mwanawe.

Nilichojifunza: kuna mimea mwaka wa kwanza inashughulika na mizizi tu. Usiwahi na jembe.

Haya, anayejua jina la ua hili anitajie. Na mwenye mkwe wa namna ile naye asimulie, leo nina muda wa kusoma.