Saa Tisa ya Mkata Tiketi

Kaka yangu tunamwita Kobe, na si kwa sababu ya upole. Ni kwa sababu nyumba yake anatembea nayo mgongoni. Begi lile kalishona mwenyewe kwa turubai la lori na mikanda ya viti vya gari bovu. Ndani mna sufuria, blanketi, kamba ya kuanikia, kufuli na kopo la sindano. Kazi yake ni fundi mabegi: zipu, mikanda, vishikio. Toka akiwa na miaka kumi na tisa anazunguka nchi za watu kwa mabasi, anakaa stendi, anashona. "Begi likimfumukia mtu huku basi linanguruma kuondoka," huwa anasema, "hata bei haulizi."

Ndivyo alivyofika nchi moja mbali huko, mipaka minne kutoka kwetu, akamshonea begi dada mmoja mpishi wa hoteli. Zipu ikawa maneno, maneno yakawa binti. Baadaye wakashindwana, Kobe akarudi nyumbani, mtoto akabaki na mama yake.

Mwaka huu ukaja ujumbe. Yule mzazi mwenzake kapata kazi ya kupika melini, mkataba miaka mitatu, anaondoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi. Kaandika: "Njoo umchukue mwanao. Mimi hapa sina ndugu. Usipofika kabla sijaondoka, namkabidhi kwa watu wa malezi wamtafutie familia, na nikishatia saini ndiyo imetoka hiyo."

Mama akaniita. "Pilipili, nenda na kaka yako. Mtoto wa kike wa miaka sita hawezi kuvushwa mipaka minne na mwanaume anayeoga kwa chupa."

Pilipili ndiyo mimi. Nikafunga meza yangu ya viatu vya mitumba, nikaenda. Siku ya pili tu nilishataka kumnyonga.

Mtu anavaa suruali tatu, moja juu ya nyingine, ili begi lisizidi kilo wakamlipisha mzigo! Maji hanunui, anajaza bombani kwenye nyumba za ibada. Mkate ananunua jioni duka likikaribia kufunga, maana wakati huo mwenye duka naye anataka kwenda kwake. Hela habadilishi kwa mtu wa kwanza mpakani, wala wa pili. Gesti hataki hata kuisikia. "Basi likisafiri usiku ndiyo gesti hiyo," anasema. "Unalala na unafika. Gesti gani nyingine inakufikisha?"

"Nyingine inakunyoosha mgongo!" nikamwambia.

"Mgongo utanyooka nyumbani, mdogo wangu."

Mpaka wa pili askari alinitazama ninavyomfokea, akamwambia, "Pole bwana, mkeo mkali."

"Dada yangu huyu," Kobe akajibu. "Angekuwa mke angeshaniacha."

Hata mimi nilicheka. Lakini ubahili wake ulikuwa na sababu, nisimsingizie. Mgongoni mwa begi, pale kwenye sponji, alikuwa kashonea hela za kurudia. Nauli ya watu watatu. Kila usiku anapapasa pale kama mtu anayepapasa tumbo la mjamzito. "Hiyo si hela," alikuwa akisema. "Hivyo ni viti vitatu."

Mama anao msemo wake: haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba cha Kobe kina tundu. Tundu tulilikuta nchi ya tatu.

Tulifika Jumatano jioni. Kutoka pale mpaka kwa mtoto ni siku moja na nusu, kwa hiyo tukiondoka Alhamisi, Ijumaa usiku tupo. Muda tulikuwa nao. Kulikuwa na kampuni mbili. Moja ina ubao mkubwa, saa zimeandikwa, tiketi imechapwa vizuri. Ya pili ni dirisha tu na kijana mwenye daftari, lakini bei nafuu. Tofauti yenyewe ni kama ya sahani nne za maharage.

"Kaka, tupande hii ya ubao."

"Ubao haukubebi, Pilipili. Linalobeba ni basi."

Kule Kiswahili hawasemi. Lakini yule kijana mkata tiketi alikuwa anakijua cha kuokoteza, kwa wapita njia. Alipotusikia tunabishana akafurahi kweli. Akachora chora tiketi kwa mkono, mwandiko wa kuku, akatuonyesha vidole tisa. "Kesho! Saa tisa! Saa tisa!"

"Unakijua wewe!" Kobe akampigia makofi. "Mwalimu kabisa!"

Kijana akacheka, na sisi tukacheka. Ningejua ningelia.

Saa tisa maana yake alasiri. Kobe atakaa bure asubuhi nzima? Thubutu. Alhamisi kulipokucha akatandika gunia sokoni, akashona zipu kumi na moja. Saa nane mchana tukarudi stendi, yeye anapiga mluzi, ana mkate kwapani.

Basi hakuna. Pale lilipokuwa limebaki doa la oili.

Mkata tiketi alitutazama kama tumefufuka. Akanyanyua vidole tisa tena. "Saa tisa! Nimesema saa tisa!" Halafu akageuka, akagonga kioo cha saa ya ukutani, pale kwenye tisa.

Hapo ndipo nikaielewa ile saa. Kijana wa watu hakudanganya. Alijua tisa ni tisa, akaitafsiri saa yao neno kwa neno. Kwake tisa ni ile ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi. Basi liliondoka wakati Kobe anashona zipu ya pili.

Kurudishiwa hela, hakuna. Basi lingine la kwao, Jumapili. La ubao lilishaondoka, na la kesho lingefika Jumamosi jioni. Kulikuwa na gari dogo la mfanyabiashara mmoja, linaondoka saa kumi ya kwetu, jioni hiyo hiyo, nafasi mbili, na bei yake ilikuwa inakula viti vitatu karibu vyote.

Kobe akakaa chini. Akakumbatia lile begi.

"Hazigusiki hizi," akasema. "Tukizitumia tutarudije?"

"Toa hela."

"Pilipili, tutarudije?"

"Unarudi na nani?" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Viti vitatu vya nani, Kobe? Wa tatu yuko wapi? Unaishonea hewa kiti!"

Nikachukua wembe kwenye kopo lake la kazi, nikalivuta begi. Akanishika mkono. Machozi yanamtoka, lakini sauti ni ya fundi.

"Fumua mshono. Usikate kitambaa."

Tukafumua pamoja, uzi kwa uzi, huku dereva anapiga honi.

Jumamosi asubuhi tulikuta teksi mlangoni imewashwa. Mama mtoto kavaa viatu vya safari, amekaa juu ya sanduku. Mwanamke mwenye faili yuko pembeni yake, na kalamu imeshafunguliwa.

"Saa ngapi hizi?" mama mtoto akauliza, akaanza kulia.

Binti kamtazama Kobe na suruali zake tatu za siku nane. "Mama, ndiyo baba huyu? Mbona ananuka?"

Mwanamke wa faili akafunga kalamu yake.

Huu ni mwezi wa tatu sasa, na bado tupo huku. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya stendi, dirisha halifungi. Kobe anashona, mimi naosha vyombo kwenye hoteli moja. Tukipata kiti kimoja, mtoto anashikwa na homa. Tukipata viwili, kodi inavila. Vitatu kwa pamoja hatujawahi kuviona.

Juzi kaja na tiketi mbili.

"Tangulieni nyinyi."

Nikamtukana. Nikamwambia arudishe.

"Hazirudishwi," akasema. "Ndiyo maana zilikuwa rahisi." Kisha akaongeza haraka haraka, "Saa tatu asubuhi. Nimemfanya mkata tiketi wa huku agonge saa ya ukutani mara tatu."

Tunaondoka kesho. Begi kanipa mimi, sufuria na blanketi kavitoa, atabaki navyo. Leo amemvalisha binti magauni mawili, moja juu ya jingine, wanajaribu kama atapita mlangoni. Mtoto anacheka, anajizungusha. Halafu akasimama.

"Na wewe baba, unakuja saa ngapi?"

Kobe akainama, akashika zipu ya begi. Akaifunga. Akaifungua. Akaifunga tena.